Stendi Yako Haijawahi Kuona Bahari

Baba,

Nakuandikia nikiwa studio, hapa Makongeni, Thika, Jumapili baada ya kanisa. Mlango nimeuacha wazi kidogo tu, wa kuingiza mwanga lakini si wa kuingiza mteja. Stendi yako ya kamera nimeisimamisha katikati ya chumba, miguu yote mitatu, pamoja na ule wa kushoto ulioufunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli ukasema ni kwa muda tu. Raba ingalipo. Tumekuwa tukitazamana, mimi na stendi, tangu nilipofika. Natakiwa kuamua kama nitaibeba safarini au nitaiacha, na kwa sababu ni yako, sikuona vizuri niamue bila wewe.

Safari ni ya meli. Najua ungecheka kwanza, halafu uulize nani analipa na anataka nini. Anayelipa ni Kamau, kifungua mimba wako. Anataka nini, hilo ndilo swali lililoninyima raha.

Alituita kwake Mugutha, tukala, kisha akasema amempangia Mama safari ya kupumzika. Tutapanda treni hadi Mombasa, tuingie meli ya kitalii, ituzungushe Zanzibar na visiwa vingine, kisha iturudishe. Mimi na Mama chumba kimoja, yeye na mke wake na mtoto chumba kingine. Alisema ni shukrani, kwa kuwa Mama alikuuguza hadi mwisho, na tangu tukuzike hajaenda popote isipokuwa kanisani na sokoni. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mimi nilikuwa namwangalia macho, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

Unanijua, Baba. Ni wewe uliyenilea hivi. Ni wewe uliyeniambia kwamba mtu akikuita rafiki kabla hujampiga picha, huyo hatarudi kuchukua picha zake. Nilikaa nawe hapa studio tangu nilipomaliza shule, na kitu cha kwanza ulichonifundisha hakikuwa kamera, kilikuwa kumtazama mtu anapoingia na kujiuliza amekuja na nini kingine. Mama husema tulikuwa tunafanana kama askari wawili wa benki. Sasa amebaki askari mmoja, na zamu zote ni zake.

Jioni hiyo hiyo, tukiosha vyombo, Mama akaniuliza bila kugeuka: "Na hiyo stendi ya baba yako, inakuja ama haikuji?"

Nilikaribia kuangusha sahani. Huyu ni Mama aliyeiita stendi yako mke mwenza miaka yote. Alikuwa akilalamika kwamba inalala ndani ya nyumba wakati nguo zake zinanyeshewa nje, na kwamba ukirudi kutoka harusini unaifuta vumbi kwanza ndipo umsalimie yeye. Sijawahi kumwona akiigusa kwa mkono, akitaka kupita aliisukuma kwa mguu. Na sasa, katika vitu vyote vya kubeba, anauliza hicho. Nikamwambia sijaamua. Kamau akasikia kutoka sebuleni, akajibu haraka kabla hata hajaulizwa: "Wachana na hiyo chuma, Njeri. Meli iko na wapiga picha wao, na sisi wote tuko na simu."

Ikawa mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Dalili ya mvua ni mawingu, nami niliyaona mawingu pale pale jikoni.

Nikafanya kama ulivyonifundisha, nikaanza na kazi yenyewe. Kamau alikuwa amenitumia kwa simu masharti ya meli, ingawa sidhani aliyasoma. Pasi ya nguo hairuhusiwi, kisu hakiruhusiwi, birika la umeme haliruhusiwi. Stendi inaruhusiwa, bora usizibe njia. Vyumba ni vidogo, kwa hiyo ingebidi ilale kitandani nami, na ni nzito, unajua ilivyonikunja bega siku zile za harusi za mtaa wa Landless. Tena nikawaza juu ya bahari. Stendi ni kitu cha ardhi iliyotulia. Meli inatetemeka kwa injini na kuinama kwa mawimbi, na chochote kilichosimama juu yake kinatetemeka nayo, hata kingekuwa cha chuma. Upepo nao utafanya yake. Kwa kazi, nikaona haina faida yoyote kule, isipokuwa moja.

Faida hiyo ni kwamba ukiwa na stendi, mpiga picha naye anaweza kuingia kwenye picha. Unaiweka kamera juu, unabonyeza, ile taa nyekundu inakonyeza sekunde chache kabla ya kupiga, unakimbia kusimama na wengine.

Kumbe Mama anataka picha ya familia. Nikalishika hilo na sikuliachilia. Kwa nini sasa? Na familia ni nani?

Hapo nikukumbushe mzee mmoja ambaye wewe ulimjua kwa sauti tu. Yule wa besi kwenye kwaya, Mzee Ndung'u, anayeuza chakula cha kuku Landless, aliyefiwa na mke zamani. Ulisema sauti yake inatikisa vioo. Tulipomaliza mazishi, Mama alihamia kwa Kamau, nyumba yetu ya kupanga tukaiachilia, nikabaki na studio na kachumba ka nyuma. Na tangu Mama ahamie Mugutha, Mzee Ndung'u amekuwa akimpelekea mayai. Landless hadi Mugutha, Baba, na trei ya mayai mapajani. Mugutha kuna kuku. Nimewaona kwa macho yangu, wengine wanatembea barabarani. Nikamuuliza Mama kwa nini mayai yatoke mbali hivyo, akasema ya huyu mzee yana kiini cha njano sana.

Basi juma moja baada ya ile jioni ya vyombo, mlango wa studio ukafunguka, akaingia yeye mwenyewe. Kofia mkononi, koti la kanisani, na siku ilikuwa ya kazi. Akasema, "Msichana wa Mwangi, nataka zile za pasipoti, nyuma nyeupe."

Nikamweka kwenye kiti. Nikamwomba atoe miwani, akatoa. Nikamwambia masikio yaonekane, ingawa yanaonekana kutoka mbali. Nikamuuliza anaenda wapi, akanijibu, "Ni huko chini Pwani tu, kupunga upepo." Nikamwangalia. Mtu wa Thika haendi Pwani kwa pasipoti, kitambulisho kinatosha hata cha kwenda na kurudi mara mia. Picha ya kwanza nilimpiga amefumba macho, nikaitazama, nikaipenda. Halafu nikaifuta nikampiga nyingine nzuri, kwa sababu kazi ni kazi na jina la mlangoni ni lako.

Aliposhukuru na kutoka, nilimpigia Kamau. Sikumsalimia. Nikamuuliza kama meli ina chumba cha tatu. Akasema, "Mama ndiye alimwalika. Na amejilipia, Njeri. Tulikuwa tunatafuta njia nzuri ya kukuambia." Watu wakitafuta njia nzuri ya kukuambia jambo, ujue njia ya kawaida wameshaiona na imewatisha.

Nilikasirika, Baba. Nisikufiche. Nilifunga studio mapema nikaketi chini ya pazia lako la bahari, lile ulilochoresha, lenye mnazi uliopinda na meli moja nyeupe, ambalo nusu ya Makongeni wamesimama mbele yake na kupiga picha za Pwani bila kuvuka hata daraja la mto Chania. Mama pia alisimama hapo, akiwa na mimba yangu, kamshika Kamau mkono. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Wewe hukuwemo. Katika zote wewe humo. Tulipokuwa tunatengeneza kijitabu cha mazishi tulipekua kila bahasha, tukapata harusi za watu, ubatizo wa watu, watoto wa watu wanaokata keki, na yako hakuna. Kuna ile moja tu ya saluni, ulipompiga bibi harusi mbele ya kioo, nyuma yake anaonekana mwanamume ambaye badala ya uso ana kamera. Tukatumia ya kitambulisho. Ikapanuliwa hadi ukawa kama mtu anayetafutwa na polisi.

Na mimi nikaona: sasa mtu mwingine atasimama pale karibu na Mama, juu ya bahari ya kweli, katika picha ya kweli, mahali ambapo Baba hajawahi kusimama hata kwa pazia. Na wanataka nibebe stendi ya Baba mwenyewe ili iishike kamera wakati hilo linafanyika, na mimi niwe ubavuni nimekenua meno kama shahidi.

Nikaamua siibebi. Ilikuwa hila, na najua ungeitambua mara moja. Bila stendi, lazima mtu ashike kamera, na mwenye kuishika ni mimi. Nikiishika sitasimama na Mzee Ndung'u. Na mwenye kamera ndiye anayeamua picha inaishia wapi. Mtu aliyesimama mwisho wa mstari anaweza kukatika kwa bahati mbaya, hasa meli ikiinama. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze.

Jumapili iliyopita tukala tena Mugutha. Safari hii Mzee Ndung'u alikuwepo, na mayai, na Kamau alikuwa na ule uchangamfu wa mtu aliyetoa siri mlangoni na sasa anaomba isizungumzwe. Nikatangaza, chapati mkononi, kwamba stendi nimeamua haiji, ni nzito na baharini haina kazi. Kamau akapumua. Mama alishusha kijiko. Mzee Ndung'u ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake, lakini taratibu: "Hata usijali, msichana wa Mwangi. Nyinyi simameni na mama yenu, mimi nitawapiga. Nionyeshe tu mahali pa kufinya."

Nilimtazama nikitafuta upande wa pili wa maneno yale. Nilitafuta kwa bidii, kwa ujuzi wote ulionipa. Haukuwepo. Mzee alikuwa anajitoa. Alikuwa anasema abaki nje, sisi tuwe ndani. Ndilo hasa nililokuwa nalipanga kwa hila, na yeye ananipa bure mezani.

Lakini mwili wangu ulishika moto, Baba, moto kuliko siku ile ya picha za pasipoti, na nikasema "Hapana" kwa sauti ambayo haisemwi kwa mzee. Mtoto aliacha kula. Nami mwenyewe ilinichukua muda kujua nimekataa nini. Nilikuwa nimeogopa asimame mahali pako kwenye picha, na wewe kwenye picha hukuwahi kuwa na mahali. Mahali pako ni ng'ambo ile, nyuma ya kamera, jicho moja limefumbwa, ukisema "kidevu juu, Mama Kamau, usinionee haya." Hapo ndipo alipokuwa anaomba kusimama, kwa wema tu, bila kujua.

Mama akainuka akaenda chumbani. Nikajua nimemuumiza, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Akarudi na picha, akaiweka mbele yangu kando ya sahani. Ilikuwa ile ya mazishi. Unajua desturi, hata wewe uliifanya kazi hiyo kwa wengi: kabla ya kushusha, mshereheshaji anaita, "Familia ya karibu, kujeni," tunasimama kuzunguka jeneza, tunapigwa. Tulikuwa tumemkodi kijana kutoka Ruiru. Alianza kwa kuweka jua nyuma ya watu, nyuso zote zikawa giza. Nilivumilia picha mbili. Halafu nikamwendea nikamchukulia kamera mkononi, nikiwa na kilemba cheusi kichwani, nikawageuza watu wote upande wa mwanga. Watu walisema nimejikaza. Sikujikaza, sikumwamini tu yule kijana kwa picha yako ya mwisho.

"Njeri," Mama akasema, "wewe hapa uko wapi?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga.

"Na baba yako, zile zingine zote, alikuwa wapi?"

Hakungoja jibu. Akasema, "Nimezika mmoja ambaye sina picha yake. Sitaki wawe wawili. Ndiyo maana nikauliza stendi."

Mzee Ndung'u alishika kofia yake kama anataka kwenda, Mama akamwambia akae. Mimi niliitazama picha. Wewe ulikuwemo, Baba. Ndiyo picha pekee ya familia yetu ambayo wewe umo, uko ndani ya jeneza, na mimi ndiye sipo.

Nilikuwa nimemshuku Kamau, nimemshuku mzee wa watu, nimeshuku mayai. Mama nilimshuku kuliko wote, na alichokuwa anakitaka ni mimi.

Aliponisindikiza getini nilimuuliza, kwa sababu kuuliza hakuishi, "Na huyu mzee, Mama?" Akasema, "Huyu mzee ananiletea mayai na ananisikiliza nikiongea. Mengine nikiyajua nitakuambia." Nimelipima jibu hilo kila upande. Nadhani ni la kweli. Bado nitakuwa namwangalia, lakini sasa nitamwangalia kama mtu mwenye miwani anayeitwa Ndung'u, si kama mwizi.

Aliyebaki ni wewe. Nimeanza kukushuku hata wewe, na sikutegemea. Ulikuwa na stendi. Ulikuwa na kamera yenye ile taa nyekundu ya kukonyeza, na wewe ndiye uliyenionyesha inavyotumika. Nilipokuuliza kwa nini huingii nasi, ulisema taa hiyo ni ya watu wasio na rafiki wa kuwapigia, ukacheka, nami nikacheka. Leo sioni kichekesho. Ulikuwa unaogopa nini? Ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye stendi hadi alipokuwa Mama. Labda ulidhani yasipokuwepo macho yako pale nyuma, kitu kitaharibika. Najua hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani mimi makaburini. Hukumwamini yeyote akutazame, na umetuachia uso wa kitambulisho. Hilo limeniuma, Baba. Nimelia hapa kwa ajili hiyo, na stendi imeshuhudia.

Halafu nikainuka nikazitoa tena zile picha zetu, zile ambazo wewe hukuwemo. Mama na mimba yangu. Kamau na jino lililong'oka. Mimi na sare ya shule iliyonizidi. Nikaziweka sakafuni nikazitazama kama mteja. Sikuwa nimewahi kuona hili, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii: katika kila moja, sisi sote tunakutazama wewe. Mama ameinua kidevu kwa sababu yako. Kamau anaficha pengo kwa sababu ulimtania. Kile kicheko changu, hakuna mtu mwingine duniani aliyekipata.

Kwa hiyo stendi inakuja. Barua hii niliiacha hapo Jumapili, naimalizia leo Jumatano. Nimeufungua ule mguu wa kushoto, nimebadilisha raba, nimepaka mafuta, na nimeifunga ndani ya shuka la Mama, ambaye ametoa shuka hilo mwenyewe na kusema mke mwenza asichafuliwe njiani. Kamau ameshaambiwa kwamba ataibeba yeye. Itatetemeka, najua. Nitaitafutia mahali meli ikiwa imetia nanga, nitaiwekea uzito chini, nitangoja upepo upungue kama ulivyokuwa unangoja mawingu yapite. Mzee Ndung'u nimemwambia hatafinya kitu. Atasimama ndani na sisi, mwisho wa mstari, na naahidi mbele yako kwamba sitamkata.

Mahali pako hapatashikwa na mtu, Baba. Stendi ndiyo itasimama hapo, kwa ile miguu yake mibovu, na taa nyekundu itakonyeza, nami nitakimbia niende nisimame karibu na Mama.

Lala salama, Baba. Usidhani nitacheka kwa ajili ya kamera, sijaahidi hilo. Lakini nitainua kidevu, na nitatazama pale pale ulipokuwa ukisimama, nikutazame kama wengine walivyokuwa wakikutazama.

Binti yako,
Njeri